MZAZI NA SHULE: Usikubali Darasa Lolote Tu

Mwezi huu wengi mmetuuliza swali moja: mtoto akiingia shule ya nchi nyingine, nani anaamua atakaa darasa gani? Na huko darasani yuko salama?

Sisi tuliovuka Busia na Malaba mwanzoni mwa 2008, wakati wa ile fujo ya baada ya uchaguzi wa Kenya, tulijifunza jambo hili kwa taabu. Tulipelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, tukakaa kwenye mahema kabla ya kuhamishiwa Kiryandongo. Ripoti za shule zilibaki nyumbani, zingine ziliungua.

Kenya wakati huo shule ya msingi ilikuwa na madarasa 8, lakini Uganda ni 7. Mtoto aliyekuwa ndiyo ameingia la nane alifika akakuta hakuna la nane. Kiswahili, ambacho kilimpa alama nzuri, hakimo katika mtihani wa PLE. Huko wanafanya Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Sosho, basi. Wadogo nao walipata shida yao. Tangu 2007 Uganda ilianza kufundisha P.1 hadi P.3 kwa lugha ya wenyeji, na Tororo hiyo ni kama Dhopadhola au Ateso. Mtoto wetu wa la pili, msomaji mzuri, akaonekana hajui kitu.

Jirani yetu wa hema alikuwa na kijana wa miaka 13, wa darasa la sita. Shule moja ilimweka P.3 bila kumpima, ati hana karatasi. Magoti hayakuingia kwenye deski. Wenzake wakamwita babu. Kwa vile alikuwa na nguvu, kila siku ni yeye wa kuchota maji. Wiki ya tatu akatoroka. Alipatikana Busia, pale mpakani, anasukuma mkokoteni wa mizigo.

Mama yake hakugombana na mtu. Alimchukua mwalimu mmoja wa kambini, wakaenda shule nyingine, wakaomba kijana apewe hesabu na kitabu asome. Akawekwa P.5, na akamaliza. Huyo alibahatika. Wako ambao hawakurudi shule tena.

Kwa hiyo wazazi, darasa na usalama ni kitu kimoja. Mkubwa akiwekwa kati ya wadogo, ama atachekwa mpaka akimbie, ama yeye ndiye atawaonea wadogo. Fanyeni hivi:

1. Nenda mwenyewe, usimtume mtoto peke yake. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mtoto wako haki ya elimu ya msingi sawa na mtoto wa mwenyeji. Uliza kwa heshima, lakini uliza.

2. Omba apimwe, kuanzia na hesabu. Hesabu haihitaji lugha nyingi.

3. Taja umri wake. Kama lazima ashuke, omba asishuke sana, na darasa liangaliwe tena mwisho wa muhula.

4. Iambie shule ni nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Hasa ninyi mnaolea watoto wa ndugu, au waliopotezana na wazazi.

5. Muulize mtoto kila jioni: ulikaa na nani, ulitumwa wapi, nani alikugusa au kukupiga? Viboko shuleni vimekatazwa na sheria ya Uganda tangu 2016. Kukiwa na shida piga 116. Ni bure, na namba hiyo iko Kenya pia.

Na ninyi mnaopanga kurudi Kenya, mambo yamebadilika. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Siku hizi shule ya msingi inaishia Gredi ya 6, halafu sekondari ya chini ni Gredi ya 7 hadi 9. Msikisie kwamba P.6 ni la sita lile la zamani. Bebeni ripoti zote, na mwombe apimwe kabla hajapangiwa darasa.

Karatasi zinaweza kuungua tena. Lakini mzazi aliyesimama mlangoni na mtoto wake, mwalimu hawezi kumpita tu.

Tukutane mwezi ujao. Wasalimieni watoto.