Umaizi haukaririwi

Kiswahili hutofautisha kujua na kumaizi. Ajuaye ana habari. Amaiziye huipambanua habari hiyo, akatenga ukweli na porojo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 mwaka 2017, unautaja uwazaji wa kina miongoni mwa umilisi 7 wa kimsingi. Azma hiyo ni njema, ila umaizi hauletwi na waraka. Iwapo mwanafunzi aulizaye "kwa nini?" atakemewa, na akaririye majibu akatuzwa, tutakuwa tumebadili jina la mtaala tu. Asiyezoea kuuliza darasani hatauliza katika mikutano ya kampeni. Atashangilia kila ahadi. Walimu wenzangu, swali zuri nalo lituzwe alama.