Tone Moja la Damu



Wengi wetu twala kuku na kupikia mafuta ya alizeti yatokayo Singida, na wako miongoni mwetu wanaokwenda huko kwa biashara. Huko bara, mtoto akishikwa na homa katika kijiji cha Manyoni au Mkalama, si lazima abebwe hadi hospitali ya mbali. Zahanati humchoma kidole, na jibu la malaria hutoka kwa dakika 15 hadi 20, bila ya umeme wala darubini.

Jambo hili si mazingaombwe. Tone la damu hutiwa kwenye ukanda wa karatasi pamoja na matone ya dawa. Karatasi huinyonya damu kama utambi unyonyavyo mafuta ya taa, na njiani imo dawa inayonasa alama ya kijidudu. Mstari mmoja, ule wa kuhakikisha, maana yake malaria haikuonekana, miwili, ipo. Ule wa kuhakikisha usipotokea, kipimo kimeharibika na kirudiwe.

Sisi Unguja na Pemba tunavyo vipimo hivyo hivyo. Tangu dawa mseto ilipoanza kutumika hapa mwaka 2003, malaria imepungua hata haifiki mtu 1 katika 100. Mwaka 2012 ukaanzishwa mpango uitwao Coconut, yaani nazi: mgonjwa akionekana, habari hupelekwa kwa simu, na Bwana Afya humfuata nyumbani awapime na wenziwe. Sehemu kubwa ya ugonjwa uliobaki huletwa na wasafiri.

Basi hapa ndipo ilipo lawama yetu. Msimu ukifika, wachumaji wageni hulala pamoja mashambani, na baadhi yetu hawapendi Bwana Afya afike. Wanaogopa mchumaji atazuiliwa na karafuu zitachanua mtini. Hesabu hiyo ni mbovu. Kupimwa ni nusu saa, na dawa ni ya siku 3. Lakini mgonjwa mmoja aliyefichwa, akiumwa na mbu wa shamba, aweza kuwalaza wote, na hapo ndipo karafuu zitakapochanua kweli.

Jambo la pili ni kuliamini jibu. Wako wanaoambiwa hawana malaria nao wakaenda dukani kununua dawa yake. Homa ina vyanzo vingi. Anayemeza dawa isiyo yake huuacha ugonjwa wake ukue. Homa ikiendelea, rudi ukapimwe tena, kwani vijidudu vikiwa vichache kipimo huweza kuvikosa. Na aliyetibiwa karibuni aseme, maana alama hubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya kupona.

Kwa hiyo twaomba kila mwanachama arudiye kutoka bara akashikwa na homa apimwe siku ile ile, na kila mwenye shamba amkaribishe Bwana Afya kabla ya jamvi la kwanza kutandikwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Katibu