Daktari wa meno si wa kung'oa tu

Wazazi wengi wanamjua daktari wa meno kwa kazi moja: kung'oa. Mtoto akilia usiku kucha, asubuhi hupandishwa matatu, jino likatolewa, mambo yakaisha. Kumbe jino hilo lilikuwa na habari nyingine.

Viini vya mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayotoboa jino. Sukari hiyo hiyo ikizidi mwilini hugeuka mafuta. Si kila mtoto mwenye meno mabovu atanenepa kupita kiasi, lakini mashimo yanamwonyesha daktari mlo wa nyumbani.

Mtazame mtoto wa Kagio, Kirinyaga. Soko la kwao limejaa nyanya, ndizi na maembe, lakini akipewa shilingi mbili tatu hukimbilia soda na peremende. Chupa ya kola ya mililita 300 ina zaidi ya vijiko 7 vya sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba ni bora hata mtu mzima asizidishe vijiko 6 hivi kwa siku. Mwaka huo huo, uchunguzi wa kitaifa nchini Kenya ulikuta karibu nusu ya watoto wa miaka 5 wana meno yaliyooza.

Hapo pana pengo. Kijitabu cha kliniki hujazwa uzani wa mtoto mpaka afike miaka 5, kisha hutupwa kabatini. Nani atampima tena? Katika umri wa miaka 6 hivi, meno ya utotoni huanza kung'oka na magego ya kudumu huota. Huo ndio wakati wa kumpeleka kwa daktari wa meno, na mizani na kipimo cha urefu havigharimu mno kuwekwa humo.

Basi mzazi, usingoje maumivu. Mpeleke mtoto akaguliwe, uulize kuhusu mlo wake, uombe apimwe. Nyumbani, maji yawe kinywaji cha kila siku na soda ibaki ya sikukuu. Apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala.

Tena tuache kusifu unene kuwa ndiyo afya, wala tusimwite mtoto kibonge. Mtoto hanunui sukari ya nyumbani. Sisi ndio tunaonunua.