Mpangaji Mji na Mpangaji Nyumba

Neno ‘mpangaji’ lina utata unaofahamika vyema na kila mwanafunzi wa semantiki. Ni yule apangaye mji kwa ramani na kanuni; ni yule pia apangaye chumba na kulipa kodi kila mwezi. Jijini Nairobi wawili hawa ni nadra kukutana, na aghalabu hukutana siku ya tingatinga.

Utengano huu si wa jana. Mpango mkuu wa 1948, ulioandaliwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini, ulikusudiwa mji mkuu wa kikoloni. Mwafrika alihesabiwa kama nguvukazi kuliko kama mwenyeji. Ukoloni ulikwisha, lakini tabia ya kuchora bila kuuliza ilisalia. Ripoti ya Tume ya Ndung’u ya mwaka 2004 kuhusu unyakuzi wa ardhi ya umma haikuwalaumu wanasiasa peke yao. Iliwataja wanataaluma pia: mawakili, wapimaji, wathamini na wapangaji miji. Hapa ndipo penye donda. Kiwanja cha shule hakigeuki kuwa cha mtu binafsi kwa tamaa ya mwanasiasa tu. Sharti pawe na mtaalamu wa kuitilia sahihi tamaa hiyo. Kisingizio cha kwamba ‘mkubwa aliagiza’ hakina uzito, maana taaluma yenye sheria na usajili wake tangu 1996 ilipewa hadhi hiyo ili iweze kumwambia mkubwa la.

Kunyamaza nako ni kosa. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka Huruma na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa kando ya mto, nalo lilikwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Alama ilionekana ukutani; wapangaji waliendelea kulala ndani, na kodi ikaendelea kupokelewa.

Yapo maadili mengine ambayo husemwa kwa nadra, nayo ni ya lugha. Sheria humpa raia nafasi ya kupinga mpango kabla haujaidhinishwa, ila tangazo lenyewe hutoka katika Gazeti Rasmi kwa Kiingereza cha kisheria. Wako watakaodai kuwa hiyo ni kazi ya mfasiri, si ya mpangaji. Dai hili ni jepesi mno. Haki ya kupinga waraka usiosomeka ni haki gani? Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi na kudai ushiriki wa umma. Mpangaji anayejua hayo kisha akabandika ramani isiyoeleweka amemficha mwananchi mpango hadharani.

Kwamba inawezekana kufanya vingine, Mukuru ni shahidi. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza mtaa huo, wenye zaidi ya kaya 100,000, kuwa eneo maalumu la upangaji, na wakazi wakashirikishwa kuujadili mtaa wao. Hata hivyo, mwaka 2021 maelfu ya nyumba zilibomolewa Mukuru kwa Njenga kupisha barabara.

Istilahi za fani hii bado zinayumba: Tanzania husema mipangomiji, Kenya upangaji miji. Chuo Kikuu cha Nairobi kina idara ya upangaji miji na idara ya Kiswahili pia. Ni ajabu kwamba mwananchi wa Mukuru bado anasubiri zizungumze.