Bibi na Daftari la Hesabu

Februari 2021, Ngozi Okonjo-Iweala wa Nigeria alipoteuliwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Biashara Duniani, mwanamke wa kwanza na Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho, baadhi ya magazeti ya Uswisi yalitangaza kwenye vichwa vya habari kwamba mkuu mpya ni bibi. Kelele zikapigwa, wahariri wakaomba radhi. Na ilipasa waombe: ni mwanamume gani aliyepata kupokewa kazini kwa kutajiwa wajukuu? Ila sisi Waswahili tusiudhike kupita kiasi. Bibi kwetu ndiye ajuaye senti ya nyumba imefichwa wapi, na nani aliikopa mwaka juzi asirudishe.

Okonjo-Iweala mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1954, alilelewa na bibi yake hadi umri wa miaka tisa, wazazi wakiwa masomoni Ulaya. Vita vya Biafra, vya wenyewe kwa wenyewe nchini Nigeria, vilimkuta bado msichana. Mdogo wake alipozidiwa na malaria alimbeba mgongoni hadi kwa daktari, na alipokuta umati umeziba mlango akapenya katikati ya miguu ya watu, akaingilia dirishani. Mtoto akapona. Sitakuchosha, ndugu msomaji, kwa shahada ya Harvard ya mwaka 1976, wala ya udaktari ya MIT ya 1981, wala miaka 25 ya Benki ya Dunia. Sifa za wasomi tumezisikia nyingi. Mimi nataka tutazame alichofanya na daftari.

Mwaka 2003 aliitwa nyumbani kuwa Waziri wa Fedha, mwanamke wa kwanza nchini humo. Fedha za mafuta zilikuwa zikigawiwa kila mwezi kutoka Abuja kwenda majimboni na kwenye halmashauri, lakini mwananchi aliyeuliza mbona shule haina paa hakuwa na njia ya kujua kilichopokelewa. Mama huyu akaamuru migawo ichapishwe magazetini, mwezi kwa mwezi, jimbo kwa jimbo. Magazeti yaligombewa! Silaha yenyewe ilikuwa tarakimu tu juu ya karatasi, lakini gavana wa kusema "hatujaletewa kitu" sasa alikuwa akibishana na gazeti lililo mkononi mwa mpiga kura wake.

Bajeti nayo ikapangwa kwa bei ya mafuta iliyo chini ya ile ya soko, na ziada ikawekwa akiba. Akiba hiyo ndiyo iliyompa ubavu mwaka 2005 mbele ya Klabu ya Paris, kundi la mataifa wakopeshaji, iliyokuwa ikiidai Nigeria takriban dola bilioni 30. Bilioni 18 zikafutwa, kiasi cha bilioni 12 zikalipwa. Wapo walionung'unika kwamba fedha hizo zingejenga hospitali. Hoja yao si ya kipuuzi, lakini mimi siikubali: deni linalozaa riba na adhabu kila mwaka huzila hospitali kabla hazijajengwa.

Enyi mnaoshika fedha za watu, mnangoja nini? Akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wanalijua somo hili bila kufika Harvard. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na shilingi huhesabiwa mbele ya macho ya wote. Kwa nini desturi hii njema iishie chini ya mwembe? Kamati ya msikiti, ya kanisa, ya shule, hata ya harusi (hiyo ndiyo hasa!) ibandike hesabu zake ubaoni. Nanyi wazazi, binti anayependa hisabati msimkatishe tamaa. Kibubu cha nyumba mmemkabidhi tangu zamani; hazina ya nchi mtamnyima kwa sababu gani?

Wala asidhani mtu kwamba kulinda hazina ni kazi ya starehe. Okonjo-Iweala aliporudi wizarani mwaka 2011 kwa awamu ya pili, alizuia malipo ya waagizaji mafuta ambao madai yao ya ruzuku yalitiliwa shaka. Desemba 2012 mama yake mzazi, Profesa Kamene Okonjo, mwenye umri wa miaka 82, akatekwa. Watekaji walitaka binti atangaze kwenye televisheni kwamba amejiuzulu. Hakutangaza. Bibi kizee aliachiwa baada ya siku tano, na bintiye akabaki wizarani hadi mwaka 2015.