Kimeng'enya Kisichomeng'enya

Msomi wa Kiswahili akutanapo na istilahi kimeng'enya, aghalabu jambo la kwanza limjialo akilini ni tumbo. Maadamu kumeng'enya ni kuvunjavunja kitu vipande vidogo vidogo, na maadamu mmeng'enyo wa chakula ni somo la tangu shule ya msingi, hulipokea neno hilo bila swali. Katika mate mna kimeng'enya kinachovunja wanga. Hapo neno na kazi yake vinaafikiana.

Tatizo huzuka neno hilo linapotoka tumboni likaingia shambani. Mathalani, ipo aina ya pakanga yenye asili ya Uchina, Artemisia annua, ambayo imewahi kulimwa pia Kenya na Tanzania. Katika vinyweleo vya majani yake huundwa artemisinini, kiini cha dawa mseto za malaria. Tu Youyou na wenzake waliitenga mwanzoni mwa miaka ya 1970, kazi iliyompa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015.

Katika kuunda dawa hiyo, vimeng'enya vya pakanga ni mafundi waashi. Malighafi yao ni molekuli ndefu yenye atomi 15 za kaboni. Kimeng'enya cha kwanza huikunja hata ikawa pete mbili zilizoshikana. (Ni kweli kwamba hung'oa fosfati mkiani mwake, lakini hung'oa ili kujenga.) Cha pili hutia oksijeni, hatua kwa hatua, kingine huongeza hidrojeni mahali maalumu. Mwishoni, mwanga na oksijeni ya hewani huchangia kulifunga daraja la atomi mbili za oksijeni, nalo ndilo silaha yenyewe. Ajabu ni kwamba mmeng'enyaji halisi katika kisa hiki ni kimelea cha malaria: humeng'enya himoglobini ya mgonjwa, na chuma kitokacho humo ndicho kinachoiamsha artemisinini imwangamize.

Pengine atazuka wa kusema kwamba kimeng'enya kitupwe, lichukuliwe neno la kigeni. Hoja hiyo haina mashiko. Neno hilo la kigeni lenyewe liliundwa na Mjerumani Wilhelm Kühne miaka ya 1870 kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "ndani ya chachu", na hakuna alidaiye libaki katika unga uliokandwa. Maana hupanuka, mizizi hubaki ilipo. Dosari imo katika fasili na mafunzo yanayokoma tumboni. Fasili ifaayo ingesema kwamba kimeng'enya ni kichocheo, aghalabu protini, kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia katika kiumbe, yawe ya kuvunja au ya kuunda. Wanaosoma leksikografia vyuoni hivi leo ndio watakaoziandika kamusi za kesho, na mtoto wa shule atadhani dawa imo jani­ni tu kama maji mtungini, ikiwa hakuna aliyempa neno la kueleza jinsi ilivyofika humo.

Mnamo 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliipa hamira jeni za vimeng'enya hivyo vya pakanga, nayo ikaunda asidi inayogeuzwa kuwa artemisinini. Kufikia 2013, uzalishaji ulikuwa umefika gramu 25 kwa lita. Habari hiyo ikiandikwa leo kwa Kiswahili, wasomaji wengi watauliza hamira ilikuwa imelishwa nini hata ihitaji msaada wa kumeng'enya.