Mwalimu Mgeni na Binti za Watu

Ziko kazi nyingi ambazo mtu aweza kuzifanya katika nchi ya ugenini bila kuaminiwa sana na wenyeji. Mwenye duka hupanga bidhaa zake. Apendaye hununua, asiyependa hupita. Lakini mwalimu wa shule ya bweni ya wasichana haombi fedha, aomba mtoto. Amwambia mzazi, "Nipe binti yako, alale kwangu, ale kwangu, na asome kwangu." Ikiwa mwalimu huyo hajui hata lugha ya mahali pale, je, mzazi afanye nini? Juma hili yafaa tutazame habari za mwalimu mmoja wa zamani, tupate kujifunza jinsi jambo hili gumu lilivyowezekana.

Mwalimu huyo aliitwa Mary Scranton, mwanamke wa Marekani, mjane mwenye mwana mmoja tu ambaye alikuwa daktari. Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 52, alifika mji wa Seoul katika nchi ya Korea, akitumwa na kanisa la Methodisti. Umri huo wengi wetu twafikiria kustaafu na kurudi shambani. Yeye alianza kujifunza lugha mpya, na kukaa kati ya watu ambao hawakuwa wamezoea kumwona mzungu.

Zamani zile wanawake wa Korea wa jamaa za heshima walikaa ndani, na walipotoka walijifunika. Tena wasichana wengi hawakuwa na jina rasmi lililoandikwa mahali popote. Mtoto aliitwa kwa jina la utotoni, na baada ya kuolewa akajulikana kuwa mke wa fulani au mama wa fulani. Jambo hili lisitushangaze sana, maana hata kwetu mama aweza kuishi kijijini miaka mingi, na majirani wasimjue ila kwa jina la mwanawe.

Basi Bibi Scranton alingoja karibu mwaka mzima pasipo kupata mwanafunzi hata mmoja. Mwisho wa Mei, mwaka 1886, alikuja wa kwanza, naye hakuwa mtoto bali suria wa mkubwa mmoja wa serikali. Alitaka Kiingereza ili awe mkalimani wa malkia. Alisoma kama miezi mitatu, akaacha.

Wa pili alikuwa mtoto wa maskini. Mama yake alimleta kwa sababu ya njaa, lakini majirani walipopata habari walimjia juu. Walisema, "Wewe ni mama wa namna gani? Leo watamlisha vizuri, kesho watamchukua mpaka Marekani." Yule mama akaogopa, akarudi kumtaka mtoto wake. Hapo Bibi Scranton angaliweza kukasirika na kusema ya kwamba watu hawa hawana shukrani. Hakufanya hivyo. Alichukua karatasi akaandika hati, akaahidi kumlea na kumsomesha mtoto, na kwamba hatampeleka nchi za magharibi, wala hata mwendo wa li kumi ndani ya Korea yenyewe, bila ruhusa ya mzazi. Li kumi ni kama kilometa nne tu. Mama akaridhika, na mtoto akabaki.

Wa tatu alitoka katika msiba. Mwaka ule kipindupindu kiliua watu wengi, na wagonjwa walitolewa nje ya ukuta wa mji. Daktari Scranton alimwokota huko mama mgonjwa pamoja na binti yake, naye binti akaingia shuleni. Hivyo ndivyo shule ilivyoanza, kwa watu ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mwanzo wa mwaka 1887 wasichana walikuwa saba, na mwaka huohuo jumba la mfalme likaipa shule jina la Ewha, maana yake ua la mpea.

Maisha ya kila siku yalikuwa ya mambo madogo madogo. Nyumba za Korea zilipashwa moto kwa moshi uliopitishwa chini ya sakafu, na watu walikaa na kulala sakafuni. Jiko la chuma la Kizungu lilikuwa kitu kigeni. Mtoto mmoja wa miaka kumi, jina lake Kim Jeom-dong, aliletwa siku ya baridi kali, na mwalimu akamwita asogee karibu na jiko apate joto. Baadaye alisimulia ya kwamba alitetemeka kwa hofu, akidhani yule bibi ataka kumtia motoni! Tazameni jinsi wema wa mgeni unavyoweza kuonekana kuwa hatari. Mwalimu alifikiri juu ya joto; mtoto alifikiri juu ya kifo.

Wala hofu haikwisha upesi. Mwaka 1888 uvumi ulienea Seoul ya kuwa wageni huiba watoto wawale, au wawatoe macho wafanyie dawa. Watu walikusanyika kwa ghadhabu, mfalme akatoa tangazo la kukanusha, na askari wa majini wa mataifa ya nje wakaletwa mjini kulinda nyumba za mabalozi wao. Mwalimu mwenye haraka angalifunga mizigo yake. Bibi Scranton alibaki.

Tena aliandika ya kwamba shabaha yake haikuwa kuwageuza wasichana wafuate maisha na mavazi ya kigeni, bali wawe Wakorea walio bora zaidi. Neno hili ni la kuwekwa moyoni, kwa sababu wazazi wengi hawaogopi masomo yenyewe. Huogopa kwamba mtoto atarudi akiwa hawajui tena watu wake.

Na yule mtoto aliyeogopa jiko alikuwaje? Alijifunza Kiingereza, akawa mkalimani wa daktari mwanamke aliyekuja kutibu wanawake. Siku moja aliona mtu mwenye mdomo uliopasuka tangu kuzaliwa akishonwa na kupona, naye akaazimia kuwa daktari. Alikwenda Marekani, mumewe akifanya kazi za mikono ili yeye asome. Na mume huyo akafa kwa kifua kikuu mwaka 1900, karibu na siku ya mkewe kuhitimu. Mjane huyo alirudi kwao, akiitwa Esther Park, mwanamke wa kwanza wa Korea kuwa daktari wa elimu ya kisasa. Alitibu maelfu ya wanawake, mpaka ugonjwa uleule ukamwua mwaka 1910. Bibi Scranton alikuwa amekwisha kufa mwaka 1909, akazikwa Seoul. Mwaka 1939 uongozi wa chuo cha Ewha ulishikwa na mwanamke wa Korea, Helen Kim, na leo Ewha ni miongoni mwa vyuo vikuu vya wanawake vilivyo vikubwa kabisa duniani.

Sasa turudi kwetu. Shule ya upili ya wasichana Waafrika ilipofunguliwa Kikuyu mwaka 1948, nayo iliongozwa na walimu wa kigeni, na wazazi wetu walikuwa na maswali yaleyale. Walakini si lazima mtu avuke bahari ndipo awe mgeni. Mwalimu wa Kakamega akipewa kazi Wajir, au wa Nyeri akipelekwa Kwale, naye ni mgeni. Hajui lugha ya nyumbani ya watoto, wala hajui kwa nini mzee fulani hakuja mkutanoni. Akiona wazazi wanasitasita, asiseme upesi ya kuwa wanachukia elimu. Na awaulize waogopalo, na ahadi anayowapa aiandike, kisha aitimize.

Na sisi wazazi tuna wajibu wetu. Yule mama wa Seoul hakumtupa mtoto wake kwa mgeni, wala hakumficha. Alirudi kwa mwalimu na hofu yake, akapewa hati, kisha akamwacha mtoto asome. Mzazi aulizaye kabla ya kutoa ruhusa hamzuii mwalimu, amsaidia.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bibi huyu aliliomba jembe mwenyewe, akalima miaka zaidi ya ishirini, na mavuno akawaachia wenye shamba.